Jina Lililokwenda Shule

Neno lile nililetewa na Mama Hans pamoja na bakuli tupu. Alikuja kwenye meza yangu pale sokoni Kwa Mrombo, akataka loshoro ya moto, ule uji wetu wa ndizi na mtindi, akaila akiwa amesimama kama afanyavyo siku zote, na wakati wa kurudisha bakuli akaniinamia sikioni.

"Mama Nice, umesikia ya shuleni kwetu? Kuna mwalimu pale anatumia jina la mtu."

"Jina la mtu gani?"

"Ningejua ningekuwa hapa nakula uji wako? Ningekuwa ofisini kwa mwalimu mkuu." Akajipangusa mdomo kwa ncha ya khanga. "Nimeambiwa tu. Vyeti vina jina la mwingine. Na sasa wanataka kila mwalimu asajiliwe, sijui bodi, sijui leseni. Atajulikana. Moshi haufungiwi sandukuni."

Akaondoka na khanga yake, nikabaki na neno lake. Maneno mengine ni vumbi la Kwa Mrombo, ukijikung'uta yanatoka. Hili lilikuwa kupe. Halikuuma papo hapo, lilitafuta kwanza mahali palipo laini. Na mimi nina mahali pamoja tu palipo laini, mwanangu Nice.

Nice alilelewa na bibi yake kijijini Kikwe tangu alipoachishwa ziwa, kwa sababu mimi na baba yake, Philemoni, tulikuwa bado tunatafuta pa kujishikiza mjini. Tulipomleta Arusha kuanza shule alikuwa anajua Kimeru cha bibi na Kiswahili cha kuombea maji. Tukampeleka shule ya binafsi kule Sekei, ile yenye basi la njano na Kiingereza tangu getini. Nilitaka apate nilichokikosa. Mimi niliishia darasa la saba, na hata leo nikipewa karatasi ya ofisini huisoma midomo ikitembea.

Mtoto akanyamaza. Muhula mzima hakutoa neno shuleni. Mwenzake akizungumza lugha ya nyumbani alivalishwa kibao shingoni. Nice hakuvalishwa, maana hakuzungumza chochote. Nilianza kuambiwa na watu wazima wenye nia njema kwamba nimpime masikio. Hadi siku moja akashuka kwenye basi akiongea, anaongea kama mfereji uliozibuliwa, na neno la kwanza lililonifikia lilikuwa "Madam Namnyaki amesema."

Madam Namnyaki Lesian alikuwa mwalimu wake wa darasa. Alikuwa akimtoa mwanangu nje wakati wa mapumziko, nyuma ya tenki la maji ambako hakuna kibao, anazungumza naye Kimeru kidogo kidogo, kisha anamvusha: neno la bibi, neno la Kiswahili, neno la Kiingereza, kama mtu anayemvusha mtoto mto kwa kukanyaga mawe. Nilimshukuru Mungu na sikuuliza zaidi. Mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani.

Lakini siku ile, Mama Hans alipokwisha kwenda, niliuliza. Mwiko ukiwa ndani ya sufuria nilijiuliza: Namnyaki ni jina la Kimasai. Lesian pia. Sasa mtoto wa Lesian amekitoa wapi Kimeru cha Kikwe, kile kizito, cha watu wa migombani, ambacho hata Wameru wa juu mlimani hutucheka nacho?

Mwiko ukaniponyoka mkononi.

*

Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu, Mwalimu Fanuel, alilisema waziwazi. Ni mtu mpole, mwenye kusafisha miwani kila anapofika kwenye jambo gumu, na siku ile aliisafisha sana.

"Wazazi, shule yetu inakaguliwa kama nyingine. Kila anayeshika chaki lazima awe amesajiliwa na bodi kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Na wale wanaowashika watoto, dada wa basi, mlezi, mpishi, nao tunawahakiki upya, ni nani na wametoka wapi. Muhula ujao ukifunguliwa, asiyekamilika hataingia darasani. Nawaambia mapema ili asije mtu akasema amefukuzwa kwa chuki."

Wazazi wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nani asiyetaka mwanawe ashikwe na mikono inayojulikana? Nikageuza shingo nimtazame Madam Namnyaki. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, amempakata mtoto wa mtu aliyesinzia, na alikuwa akiangalia viatu vyake.

Wazazi walipotawanyika nilimfuata darasani. Alikuwa anafuta ubao. Nilikuwa nimepanga maneno tangu sokoni, maneno makali, lakini nilipofika mlangoni ulimi wangu ukachagua njia nyingine. Nilimsalimia kwa Kimeru. Akaitikia kwa Kimeru kabla hajakumbuka kujizuia.

"Wewe ni mtoto wa nani kule Kikwe?" nikamuuliza.

Kwetu swali hilo halikwepeki. Unaweza kumdanganya askari, unaweza kumdanganya daktari, lakini mama wa kwenu akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, ama unajibu ama unalia. Yeye alifanya yote mawili, pole pole, bila sauti, akiendelea kufuta ubao uliokwisha kufutika.

"Wa Nathanaeli. Wa karibu na mfereji."

"Na jina lako?"

"Anande."

Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani, akanisimulia. Darasa la saba lilimshinda mara ya kwanza. Baba yake akaona aibu, akampeleka kwa shangazi aliyeolewa Umasaini huko ng'ambo ya Kisongo, arudie. Lakini kurudia hakukuruhusiwa. Mwalimu wa kule, mtu mwema kwa wema wa wakati ule, akasema kuna binti ameacha shule, ameshaposwa, jina lake limebaki kwenye daftari la wanafunzi wa mtihani. Nafasi isipotee bure.

"Kila mtu alifanya hivyo, mama. Darasani tulikuwa watatu wenye majina ya kuazima. Asubuhi mwalimu akaita, 'Namnyaki Lesian.' Shangazi alikuwa amenifundisha njiani. Nikaitika. Tangu siku ile sijaacha kuitika."

"Na mtihani?"

"Nilifanya kwa mkono wangu. Sekondari kwa mkono wangu. Chuo cha ualimu kwa mkono wangu. Kuna mahali gani nimeiba, hata sijui." Kisha akajirudi. "Najua. Kitambulisho cha taifa nilikwenda na cheti cha ubatizo, wakaandika Anande. Vyeti vyote vinasema Namnyaki. Bodi inataka mtu mmoja, na mimi ni wawili."

Alikuwa amekwisha kwenda kwa wakili. Wakili hakumwahidi kitu. Alimwambia tu kwamba pa kuanzia ni kumpata mwenye jina, yule binti mwenyewe, aape kwamba aliacha shule na hajawahi kuvitumia vyeti vile wala havidai. Asipopatikana, au akikataa, neno litakalotumika ni kughushi.

"Umemtafuta?"

"Namwogopa," akasema. "Nikikutana naye nitamwambia nini? Shikamoo, nimekula maisha yako?"

*

Nyumbani Philemoni alinisikiliza akipiga randa, kwa maana yeye ni seremala na hasikilizi vizuri mikono ikiwa mitupu.

"Mwambie Mwalimu Fanuel," akasema.

"Ni mtoto wa Kikwe, baba Nice. Ndiye aliyemfungua mwanao mdomo."

"Sikatai. Lakini angekuwa daktari anakupasua tumbo, ungependa jina la mlangoni liwe la mwenzake?" Akapuliza maranda. "Sheria haikuwekwa kumwonea yeye. Imewekwa kwa ajili ya yule ambaye siku moja atakuja na jina zuri na mikono mibaya. Sasa wewe utawatofautishaje getini?"

Kilichonikosesha raha ni hiki: kila aliyesema alikuwa na haki. Mwalimu Fanuel alikuwa na haki, mume wangu alikuwa na haki, hata Mama Hans na mdomo wake. Mimi pia niliyetaka anyang'anywe chaki, na mimi huyo huyo niliyetaka abaki, nilikuwa na haki pande zote mbili, na haki pande zote mbili ni mzigo usiobebeka kichwani wala begani.

Nikafanya ninachokijua. Loshoro haipikwi bila mtindi, na mtindi Kwa Mrombo huletwa na akina yeyo, wale mama wa Kimasai wanaoteremka na madumu siku za soko. Nimenunua kwao miaka. Nikamuuliza mmoja kama anamjua Namnyaki wa Lesian, akamuuliza mwenziwe kwa Kimaa, wakabishana kidogo, wakacheka, wakasema huyo wanamjua kama mama Naeku, na soko lijalo watamleta.

Walimleta kweli. Mama mrefu, mwembamba, shanga zake safi, dumu mgongoni limefungwa kwa kamba ya katani. Nilimpa kigoda nyuma ya meza.

"Yeyo, wewe ndiye Namnyaki wa Lesian?"

Akanitazama kama niliyemgusa mahali penye kidonda kilichopona. "Nani amekupa hilo jina? Mimi sijaitwa hivyo tangu nilipoolewa."

Nikamweleza. Sikuficha wala sikupamba. Alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mkono, na nilipofika mwisho niliona mabega yanatikisika, nikadhani nimemliza. Alikuwa anacheka.

"Kumbe nilifaulu?"

"Ulifaulu, yeyo."

"La saba?"

"La saba, na kidato cha nne. Daraja la pili."

"Wewe." Akaligeukia dumu lake kana kwamba nalo linapaswa kusikia. "Halafu?"

"Halafu ukaenda chuo. Sasa ni mwalimu Sekei. Watoto wanakuita Madam."

Alicheka hadi wenzake wakageuka, akawaambia kwa Kimaa, nao wakacheka, mmoja akasimama akamsalimia kwa heshima ya kejeli, "Madam, shikamoo, nipunguzie bei." Kisha kicheko kikamwishia kama maji yanavyoishia mchangani. Akakaa akitazama mikono yake.

"Mimi nilikuwa na akili ya hesabu," akasema. "Hilo alikuambia?"

"Hakukujua. Ulikuwa umeshaondoka."

"Ndiyo. Nilikuwa nimeshaondoka." Akafunga na kufungua kifuniko cha dumu. "Na sasa anataka nikaape kwamba sikusoma."

Sikuwahi kulisikia hivyo. Kwa wakili lilikuwa kiapo, kwa Anande lilikuwa kufunguliwa. Kwake yeye lilikuwa kusimama mbele ya mtu wa mjini na kutamka, kwa mdomo wake, kwamba hana kitu.

"Hataki ukose, yeyo. Akupe nini?"

"Asinipe. Nina ng'ombe wengi kuliko yeye." Akainua macho. "Nina binti, Naeku. Yuko darasa la sita. Wageni wameanza kuja kwa baba yake, wanakaa wanaongea mvua na malisho, lakini mimi najua mvua wanayoitafuta. Nimesema hadi mate yamekauka. Mume wangu si mtu mbaya. Anasema, shule ingemfanya nini mwanamke? Sina cha kumwonyesha." Akasimama, akalifunga dumu mgongoni. "Mwambie mwalimu aje kwangu. Avae nguo zake za kazi. Aseme mbele ya mume wangu yeye ni nani na alifikaje. Akisema hilo, mimi nitasema lile la wakili."

*

Anande aliposikia alisema hawezi. Akasema mume yule akienda polisi je? Akisimulia ukoo mzima je? Nikamwambia yote yanawezekana. Sikumshauri. Ushauri ni rahisi kwa asiye na cha kupoteza, nami nilikuwa na Nice wa kupoteza iwapo angefanya au asingefanya.

Jumamosi alikuja kwangu amevaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe, viatu vimepakwa rangi. Tukaenda, mimi na yeye na Nice, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Tulipopita Kisongo vumbi lilikuwa jekundu na Meru upo nyuma yetu, umejifunga wingu kiunoni. Njia nzima Nice ndiye aliyesema, kwa lugha zote tatu.

Bomani tulipewa chai ya maziwa. Baba Naeku alikuwa mzee wa makamo mwenye koti la suti juu ya shuka, mpole wa sauti. Mke wake alisimama mlangoni mwa nyumba, hakukaa. Naeku, msichana mwenye shingo ndefu ya mama yake, alikuwa amejibanza karibu na zizi, akijifanya anafunga ndama.

"Karibuni," mzee akasema. Akamtazama Anande, zile nguo, vile viatu. "Mama watoto ameniambia kuna mwalimu anakuja, hakuniambia la zaidi. Wewe ni nani, mwalimu?"

Miaka yote ile jibu la swali hilo lilikuwa mdomoni mwa Anande tayari, limelainika kwa kutumiwa. Nadhani hata pale lilikuja lenyewe, akalimeza.

"Mimi ni Anande wa Nathanaeli, wa Kikwe," akasema. "Lakini niliyesoma si Anande. Aliyesoma ni Namnyaki wa Lesian. Huyo hapo mlangoni."

Mzee hakuelewa, naye Anande akamwelewesha, kuanzia daftari la wanafunzi hadi bodi. Alisema polepole, kama anavyosema na watoto nyuma ya tenki. Alisema alikaa kwenye dawati ambalo lilikuwa bado na alama za mtu, pembeni limechongwa ng'ombe mwenye pembe moja.

"Mbili," mama Naeku akasema kutoka mlangoni. "Ya pili kisu kilivunjika. Nilikuwa nimemaliza hesabu kabla ya wenzangu."

Mzee aliweka kikombe chini. Alimtazama Anande, akamtazama mkewe, akarudi tena kwa Anande, na macho yake yakawa yanakwenda na kurudi hivyo kama mtu anayelinganisha ng'ombe wawili wa mama mmoja, mmoja aliyelishwa mvua na mwingine kiangazi. Ndama akamponyoka Naeku, na hakuna aliyemkemea.

"Hesabu," mzee akasema hatimaye, bila kumgeukia mkewe. "Ndiyo maana siku zote unajua ni ng'ombe gani hajarudi."

"Ndiyo maana," akajibu mkewe.

Hayo tu ndiyo waliyosemezana mbele yetu. Tulipoaga, mzee alimshika Anande mkono akaushikilia kitambo, akasema wageni wengine walikuwa waje wiki hiyo, na kwamba atawaambia malisho bado hayajakaa vizuri.

*

Mama Naeku alikwenda kwa wakili. Aliandika jina lake mwenyewe. Alikataa kuweka dole gumba, akaomba kalamu, na aliandika akitoa ulimi kidogo nje kama mtoto. Kabla ya hapo Anande alikuwa amekwisha kwenda kwa Mwalimu Fanuel na kumwambia yote kwa mdomo wake, mimi nikiwa kando. Mwalimu Fanuel alisafisha miwani hadi nikahofia vioo. Akamwambia asiingie darasani hadi bodi iseme, na kwamba nafasi yake ataishikilia kadiri atakavyoweza, na hakusema kadiri hiyo ni ndefu kiasi gani.

Bodi haijasema. Muhula umefunguliwa, na darasa la Nice lina mwalimu mwingine, kijana msafi, aliyesajiliwa, hana kosa. Nice anamwita Sir. Anaongea naye anapoulizwa. Jioni basi likifika anashuka kimya, anavua viatu, anasema Kimeru na kuku. Anande anaishi kwa dada yake Sekei. Jumamosi huja kunisaidia kuponda ndizi, na mwanangu hunyanyua kichwa asubuhi kabla hajamwona, kwa kuwa ameusikia mwendo wake. Bado anamwita Madam Namnyaki. Hajaambiwa vingine. Anande anaitika, lakini sasa anachelewa kidogo.

Mama Hans akaniuliza, "Eti yule mwalimu aliyefukuzwa alikuwa nani hasa?" Nikamjazia bakuli.

Ninawaandikia wazazi wenzangu, hasa wale walioishia darasa la saba kama mimi, ambao huona haya kuuliza ofisini. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usichague shule kwa rangi ya basi.

Usione haya kuuliza kama mwalimu wa mwanao amesajiliwa, na dada wa basi ni mtoto wa nani. Uliza siku unayompeleka, kwa adabu. Usingoje kuulizia sokoni.

Ukisikia neno, usilipeleke kwa mwingine kabla hujalipeleka kwa mwenyewe.

Usidhani anayetetea sheria ana roho mbaya. Usidhani pia aliyekwama ni mwizi.

Usikubali nafasi iliyoachwa na mtoto wa mwenzio, hata mwalimu akikuambia ndivyo wote wanavyofanya.

Usimtoe binti shule ukifikiri dawati lake litabaki tupu.

Na usimwache mwanao aitike jina lisilo lake, hata asubuhi moja. Sauti huzoea.